Magofu Yaliyojengwa Upya: Tunawaona Warumi au Waliowajengea? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliufuata mpaka wa Dola ya Roma katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, tangu ulipowekwa hadi ulipoachwa mnamo mwaka 260. Leo tusimame katika ngome moja ya mpaka huo, Saalburg, kwenye milima ya Taunus karibu na Bad Homburg. Hapo palikuwa na kikosi cha askari wapatao 500. Walipoondoka, wenyeji wa karne zilizofuata walichukua mawe yake kujengea majengo yao, ikabaki misingi. Malango, kuta na makao makuu yanayoonekana sasa yalijengwa kati ya mwaka 1897 na 1907 kwa amri ya Kaisari Wilhelm wa Pili, chini ya Louis Jacobi, msanifu majengo aliyekuwa amechimba mabaki hayo kwa miaka mingi. Mgeni anayepita lango kuu, basi, anapita kazi ya mafundi wa enzi ya treni. Je, anaiona Roma, au anaoneshwa ndoto ya mfalme?

Anaviona vyote viwili, na ndiyo maana safari hiyo ina faida. Jacobi hakujibunia mpango wa ngome. Aliufuata msingi alioufukua. Lakini msingi hausemi ukuta ulipanda hadi wapi wala paa lilikaaje. Kuanzia hapo ilibidi akisie, na makisio yake yanaonekana. Aliyaacha mawe ya ukuta wazi, ilhali Warumi walikuwa wamezipiga lipu kuta zao na kuchora juu yake mistari ya kuigiza matofali makubwa. Yale meno ya juu ya ukuta, ambayo askari hujikinga nyuma yake, aliyapanga kwa kubanana mno. Mbele ya lango ikasimamishwa sanamu ya Kaisari Antoninus Pius, na maandishi ya Kilatini yanayomtaja Wilhelm kuwa Kaisari wa Wajerumani, kana kwamba cheo kimerithiwa. Hata hivyo, makosa ya lipu na meno yalijadilika kwa sababu yalijengwa. Anayechora ngome kwenye karatasi anaweza kuficha asichokijua nyuma ya wingu au mti. Anayeijenga analazimika kuamua kila kipimo, na kila uamuzi unabaki hadharani ukingoja mtaalamu wa kuupinga.

Wapo wanaokataa, na hoja yao ni nzito. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, unakataza kujenga upya, unaruhusu tu kurudisha mahali pake vipande vilivyoanguka, tena kwa namna ambayo nyongeza itatambulika. Jengo jipya huweza kuharibu ushahidi ulio chini yake, na macho huamini jiwe upesi kuliko maelezo. Nakubali hatari hiyo. Nisichokubali ni dhana kwamba gofu lisilojengwa upya halijaguswa. Tao la Titus mjini Roma lilikuwa limemezwa na ngome ya zama za kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 msanifu majengo Giuseppe Valadier alilikamilisha kwa jiwe la travertino, si marumaru, na nguzo zake akaziacha bila michirizi. Atazamaye kwa makini anajua la kale linaishia wapi. Kipimo cha haki ni mshono huo: upo, na unaonekana?

Pingamizi linaloumiza zaidi ni la Sabratha, Libya. Ukumbi wake wa maigizo, wenye ghorofa tatu za nguzo nyuma ya jukwaa, ulisimamishwa upya na Waitalia waliokuwa wakiitawala nchi hiyo kwa mabavu, na Mussolini alihudhuria uzinduzi wake mwaka 1937. Roma iliinuliwa ili ukoloni uonekane kama kurejea nyumbani. Dhuluma hiyo haifutiki, lakini pia haizigeuzi nguzo kuwa za Mussolini. Kibao kinachotaja karne ya pili bila kutaja 1937 kinamnyima mwanafunzi wa Libya nusu ya historia ya mahali hapo, na nusu hiyo ndiyo inayomhusu babu yake. Libya ilipopata uhuru mwaka 1951 haikuubomoa ukumbi ule, na mwaka 1982 Sabratha iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Haikuwa peke yake kwa Libya: Leptis Magna, mji alikozaliwa Kaisari Septimius Severus, uliingia mwaka huohuo, na sehemu ya tatu itaanzia huko.