Sauti ya King'ora

Tarehe 7 Novemba, 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, lilibomoka, tope likafika majumbani na mashambani. Basi twaona yafaa wakaao karibu na migodi, tangu Shinyanga hata Geita, waielewe sauti ya king'ora cha mota. Ndani yake mota huzungusha gurudumu lenye matundu, likatalo upepo. Likienda mbio sauti huwa nyembamba. Mota ikizimwa, hushuka ikawa nzito hata ikanyamaza. Ving'ora vingine vina mota ya pili izungushayo pembe: ikielekea kwingine sauti hufifia pasipo kuwa nzito, kisha huvuma tena. Kufifia huko si dalili ya kwisha hatari. Wazee na walimu, ulizeni mgodini alama ya hatari na ya salama, mkawafundishe watu.