Saa Tisa na Nusu Hadi Magharibi: Wajibu wa Kituo cha Jamii kwa Wanafunzi wa Sekondari Msingi

Masomo ya darasani katika shule za kutwa nchini Kenya huanza saa 2:00 asubuhi na kukoma saa 9:30 alasiri, kwa mujibu wa Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015. Kutoka hapo hadi saa 10:45 jioni ni muda wa michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Mwanafunzi wa Gredi ya 7, 8 au 9 ambaye wazazi wake hurejea usiku hubaki basi na saa kadhaa asizokuwa chini ya uangalizi wa mwalimu wala wa mzazi. Amekwisha kupita umri wa kuangaliwa na yaya, ila hajafikia umri wa kujichunga.

Programu za jioni katika kumbi za kijamii na maktaba za umma hukusudia kuziba pengo hilo. Haja yake imeongezeka tangu Sekondari Msingi ianze Januari 2023. Mtaala wa Umilisi unamtaka mwanafunzi atengeneze, apande, achore na acheze, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya alama za kumpeleka Sekondari ya Juu. Kwa familia inayoishi katika chumba kimoja, meza pana na taa ya umeme ukumbini ni msaada mkubwa.

Programu hizo, hata hivyo, si darasa la pili. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinaharamisha masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Ukumbi unaofunguliwa likizoni kwa michezo na usomaji wa vitabu haupaswi kugeuzwa maficho ya masomo hayo.

Suala gumu zaidi ni la uwajibikaji. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, elimu ya shule za msingi na za sekondari ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, ilhali maktaba pamoja na vifaa vya michezo na utamaduni ni jukumu la serikali za kaunti. Mwalimu mkuu, kwa hivyo, hana mamlaka juu ya msimamizi wa ukumbi, na msimamizi hajui ni nani aliyekuwa darasani siku hiyo. Mtoto akitoka shuleni saa 9:30 na asifike ukumbini, shule huamini yuko ukumbini, ukumbi hudhani amekwenda nyumbani, na mzazi hugundua usiku.

Dawa yake ni nyepesi, ingawa mara nyingi hupuuzwa: orodha mbili za mahudhurio zilinganishwe alasiri ileile, na mzazi apigiwe simu kabla giza halijaingia. Makubaliano hayo yaandikwe na yatiwe saini na shule, kituo na wawakilishi wa wazazi.

Kabla ya kumsajili mtoto, mzazi ana haki ya kuuliza ni nani hushika orodha, lango hufungwa saa ngapi, mtoto huruhusiwa kuondoka na nani, na kama wasichana wana vyoo vyao. Aulize pia iwapo wasimamizi na wanaojitolea wana cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Kituo kinachokasirishwa na maswali hayo hakifai kuaminiwa mtoto.

Dhuluma dhidi ya mtoto inaweza kuripotiwa wakati wowote, bila malipo, kwa nambari ya simu 116, au katika kituo cha polisi kilicho karibu.