Plagi Yako Itajulikana Kitonga

Kijana mmoja alikuja gereji na GX110, ile Mark II ambayo hakuna mtaa wa Mbeya usioijua. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita, lita mbili. Pembeni ya injini alikuwa amefunga supachaja kuukuu iliyong'olewa kwenye Crown ya zamani, na kwa kweli kazi ya kuifunga ilifanywa kwa mikono safi. "Shikamoo mzee," akasema, "nataka plagi tu. Niweke namba sita au saba?"

"Marahaba. Hili gari linakwenda wapi?"

Alidhani namtania. Lakini swali lake halina jibu bila jibu la hilo langu.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu imezungukwa na uzushi mwingi. Namba ya joto ya plagi haihusiani na ukali wa cheche. Inaeleza jinsi plagi inavyolitoa joto. Ukiitazama ncha utaona kauri nyeupe iliyozunguka nondo ya katikati. Kauri hiyo ikiwa na ncha ndefu, joto la mwako lina safari ndefu kabla ya kufika kwenye chuma cha plagi, kisha silinda hedi, kisha maji ya rejeta. Njiani linachelewa, na ncha inabaki ya moto. Ncha ikiwa fupi, joto linatoka upesi. Ya kwanza tunaiita plagi ya moto, ya pili plagi ya baridi. Plagi ya baridi haipozi injini wala haiongezi farasi hata mmoja. Inajiokoa yenyewe tu.

Inajiokoa na nini? Ncha inatakiwa iishi kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo haijiunguzii uchafu: masizi yanajenga daraja juu ya kauri, umeme unapita humo badala ya kuruka, na gari linaanza kukohoa. Juu ya hapo ncha inageuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijapigwa, wakati pistoni bado inapanda. Pistoni inayopanda kukutana na moto unaoshuka haidumu. Nimeshika mikononi pistoni zilizotobolewa namna hiyo, tundu la ukubwa wa shilingi mia katikati, na mwenyewe anaapa kwamba geji ya maji haikusogea. Huenda ni kweli. Geji ya maji haijui kinachotokea kwenye ncha ya plagi.

Sasa supachaja. Toyota walipoiweka kwenye Crown mwaka 1985, kwenye injini ile ya 1G-GZE walipunguza mgandamizo hadi 8 kwa 1, kwa sababu hewa inayosukumwa na mashine inafika ndani ikiwa tayari imebanwa na ina joto. GX110 ilitoka kiwandani na 10 kwa 1, ikitegemea kuvuta pumzi yake yenyewe. Kijana wetu hakugusa pistoni. Amechukua injini iliyobanwa sana akaiongezea hewa ya kubanwa zaidi. Sikumlaumu, maana wengi hufanya hivyo na wanaishi vizuri kama shinikizo ni dogo na mafuta yamepangwa sawasawa. Ila nafasi ya kukosea imebaki nyembamba.

Na hapa ndipo Mbeya inapodanganya. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Usawa wa bahari hewa inatusukuma kwa karibu paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba; hapa ni kama 12, na Iringa mjini inazidi kidogo tu. Supachaja inaendeshwa na mkanda, na ukubwa wa puli ndio unaoamua. Haina akili ya kujua iko wapi. Tuseme puli zake zinazidisha hewa mara moja na nusu. Mbeya, 12 zinakuwa 18, na geji yako inasoma 6. Dar es Salaam, 14.7 zinakuwa 22, na geji inasoma zaidi ya 7. Kwa macho ni paundi moja tu imeongezeka. Lakini hewa yote iliyoingia silinda imezidi kwa zaidi ya moja ya tano, na petroli inayoifuata hivyo hivyo, na joto hivyo hivyo. (Tabo ni hadithi nyingine kidogo: nyingi hujitahidi kufikia shinikizo lile lile popote zilipo, zikizunguka kasi zaidi huku juu.)

Kwa hiyo injini iliyopangwa Mbeya, ikajaribiwa asubuhi ya Juni kwenye barabara ya Chunya inakopanda kupita mita 2,400, itaonekana mpole kama kondoo. Hata koili iliyochoka itafaulu mtihani huo, maana cheche inaruka kirahisi penye hewa nyepesi. Ishushe Mikumi saa nane mchana ukalipite lori, ndipo utakapolijua gari lako.

Kipimo cha kweli, kwangu mimi, ni mlima wa Kitonga, tena ukitoka Dar. Unafika Ruaha Mbuyuni chini bondeni, kuna joto, injini imeshakimbia karibu kilomita mia nne. Mlima unaanza. Mbele yako kuna semi iliyobeba mzigo wa Zambia au Kongo, inatambaa. Uko gia ya pili, mguu uko chini, upepo wa kupoza rejeta ni haba, na supachaja, tofauti na tabo, inasukuma hata injini ikizunguka polepole. Kisha nafasi inatokea na unakanyaga mpaka mwisho. Plagi ichaguliwe kwa ajili ya dakika hiyo.

Nilimwambia kijana: kama kiwanda kilitaka namba 5 ya NGK, wewe weka 6, hatua moja ya baridi zaidi. Hatua moja hubadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi, na kanuni ya watengenezaji ni kwenda hatua moja ya baridi zaidi kwa kila farasi 75 hadi 100 unaoongeza. Yeye hajafika huko, lakini mgandamizo wake wa 10 unamdai. Hatua mbili ningempa anayekimbia rali za Iringa, ambaye plagi anazitoa kila wikiendi. Kwa gari la kwenda kazini ni kosa: foleni ya asubuhi kutoka Uyole hadi Mbalizi, baridi chini ya nyuzi 10, na plagi ya baridi kupita kiasi itakuwa nyeusi kabla ya wiki kuisha.

Angalizo dukani. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi; 6 ya NGK ni 20 ya Denso, 7 ni 22. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Muuzaji anayekwambia "zote ni sawa, angalia namba tu" amekuuzia pistoni mpya bila kujua.

Mwanya nao. BKR6E-11 ina mwanya wa milimita 1.1, na hiyo 11 ya mwisho ndiyo inayosema hivyo. Hewa iliyobanwa inazuia umeme, na mwanya huo ukiwa na supachaja utakuletea misi pale pale unapohitaji nguvu. Ufunge hadi 0.8, au 0.7. Ukiwa na iridiamu, nondo ya kati ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Usiikwaruze wala kuiegemeza bisibisi, kunja ule mguu wa pembeni taratibu.

Halafu jifunze kuisoma. Wazee wetu walitafuta rangi ya chai ya maziwa, lakini walijifunza enzi za petroli yenye risasi, ambayo iliondoka kwetu kufikia mwanzo wa 2006. Petroli ya leo huacha kauri nyeupe zaidi, na weupe peke yake si ugonjwa. Tafuta vidoa vidogo kama vumbi la pilipili au punje zinazong'aa kwenye kauri: hiyo ni pistoni inaanza kumeguka kwa sababu injini inagonga. Hapo usikimbilie plagi. Angalia muda wa cheche, angalia mafuta. Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba kwenye petroli ili kuwabana wachakachuaji, na kulikuwa na sababu: mafuta ya taa kidogo tu ndani ya tangi yanatosha kuigongesha injini ya namna hii hadi ife.

Kijana alikwenda Dar na kurudi. Aliniletea plagi sita kwenye trei ya mayai, amezipanga kwa mpangilio wa silinda, jambo lililonifurahisha kuliko gari lenyewe. Tano zilikuwa nzuri. Ya sita ilikuwa nyeupe kama chaki, kingo za nondo zimeanza kulainika. Nikaigeuza. Washa yake ilikuwa bado mviringo, haijabanwa hata kidogo. Plagi haikukalia hedi, na joto halikuwa na pa kutokea. Plagi mpya hukazwa kwa mkono hadi iguse, kisha nusu mzunguko au zaidi kidogo kwa spana.

"Hii ya nyuma nani aliifunga?"

Akatazama viatu vyake. "Giza lilikuwa limeingia, mzee."