Ukoo wa nyangumi nao hufuata mama

Huko Chiungutwa, wilayani Masasi, kama ilivyo kwa majirani zao wa Newala, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msimamizi wake. Wataalamu wa viumbe vya baharini, walipotaka kujua asili ya nyangumi, walifuata njia hiyo hiyo.

Katika mwili wa kila kiumbe mna chembe za urithi. Nyingi mtoto huzipata kwa wazazi wote wawili, lakini zimo ambazo hupewa na mama peke yake. Kwa kuzilinganisha, mtaalamu hutambua ni nyangumi gani waliotokana na bibi mmoja, na koo zao zilitengana lini. Hana haja ya kumwua mnyama. Humrushia mshale mwepesi, akapata kipande kidogo cha ngozi.

Kila mwaka, wakati wa kipupwe, nyangumi wenye nundu hufika pwani ya Mtwara kutoka bahari ya barafu iliyo kusini ya dunia. Huja kupandana na kuzaa katika maji ya uvuguvugu, kisha hurudi kusini kutafuta chakula. Kaskazini, katika Bahari ya Arabuni upande wa Omani, wapo wengine wa jinsi hiyo hiyo, ila hao hawahami. Hula na kuzaa papo hapo. Mtu angedhani kwamba ni ndugu wa karibu. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa koo hizo zimetengana kwa muda upatao miaka 70,000. Majira yao hayakutani: wa Omani wanapopandana, mwanzoni mwa mwaka, wa kusini wako mbali kwenye barafu.

Ukoo wa Omani sasa umepungua mno. Mwezi Novemba 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya nyangumi 200 katika bahari hiyo, na makadirio ya baadaye hayakufikisha 100 pwani ya Omani. Hata chembe zao za urithi hazina namna nyingi. Mkulima wa muhogo anaijua hatari hiyo: shamba la mbegu moja likiingiwa na batobato, huangamia lote.

Je, nyangumi wa kusini hawawezi kwenda kuziba pengo? Miaka 70,000 imekwisha kutujibu. Ukoo ukikatika, jirani hawi badala yake.

Kwetu Mtwara, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Nyangumi jike huzaa mtoto mmoja tu, tena kwa kawaida kila baada ya miaka miwili au mitatu. Basi nahodha akimwona mama na mwanawe, na awapishe njia. Ampotezaye mama mmoja hupoteza na wajukuu ambao hawajazaliwa.