Rumba, Bongo Fleva na Kauli ya Raia Wilayani Kilosa

Burudani, yaani kila kinachofanywa ili kuistarehesha nafsi, iwe ngoma, dansi, filamu au muziki wa redioni, kwa kawaida huhesabiwa kuwa jambo la baada ya kazi, lakini historia ya mkoa wa Morogoro, na hasa ya wilaya ya Kilosa yenye mji wa Mikumi, inaonyesha kuwa burudani hubadili namna raia wanavyozungumza na wale wanaowatawala.

Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge la Tanganyika Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na kusikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha ilhali ngoma za wazee wao hawakuzijua. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki, kwani ngoma nyingi hubeba mafunzo ya jando na unyago, na ngoma ikifa mafunzo hayo hukosa pa kukaa. Hata hivyo, mjini Morogoro rumba hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa maneno ya Kiswahili na Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, na baadaye Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliufikisha muziki huo Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mapigo yalitoka ng'ambo, lakini mapenzi, dhiki na maonyo yaliyoimbwa yalikuwa ya wenyeji, na ndiyo maana dansi likawa lao.

Njia hiyo hiyo ilipitiwa na bongo fleva, muziki wa vijana uliotokana na kughani maneno juu ya mdundo, ambao ulishamiri baada ya redio za binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990. Mwaka 2001 Joseph Haule, maarufu kama Professor Jay, alitoa wimbo "Ndiyo Mzee", unaomwigiza mgombea akiahidi mambo yasiyowezekana, hadi kuwapeleka wanafunzi wa sayansi mwezini, huku umati ukimwitikia kwa kukubali kila neno. Ubora wa wimbo huo umo katika kiitikio, kwa sababu msikilizaji anayekiitikia hujikuta amesimama ndani ya umati ule na kuanza kujiuliza ni mara ngapi naye ameitikia hivyo. Kwa watu wa Kilosa, ambako Desemba 2000 mapigano ya wakulima na wafugaji huko Rudewa yaliua watu zaidi ya 30, ahadi za wanasiasa kuhusu ardhi na usalama hazikuwa jambo la kuchekesha tu.

Mwaka 2015 Haule alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya chama cha upinzani cha CHADEMA, akaingia bungeni alikokuwa tayari msanii mwenzake, Joseph Mbilinyi wa Mbeya Mjini. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani ulikataa matokeo yake, kiti kilikwenda kwa chama tawala, CCM. Ushindi wake haukuletwa na wimbo peke yake, lakini umaarufu ulimfungulia mlango, naye akiwa jukwaani alipimwa kwa kipimo alichowapa wananchi mwenyewe.

Linalotia wasiwasi sasa ni kwamba kampeni zimejaa wasanii wanaoalikwa kumsifu mgombea, kiasi kwamba muziki uliowahi kuwafundisha wasikilizaji kuihoji ahadi unatumika kuinogesha.