Kuipa Kompyuta Mfumo Mpya: Ni Nini Kinachofutika?

Ni jambo la kawaida kumsikia mtu akisema kwamba kompyuta yake "imepigwa Windows". Maana yake ni kwamba mfumo endeshi wa zamani umeondolewa na mwingine umewekwa mahali pake. Mara nyingi mwenye kompyuta hurudishiwa chombo chake kikiwa chepesi kama kipya. Lakini wako pia walimu waliorudishiwa kompyuta nyepesi isiyo na alama hata moja za wanafunzi wao. Tofauti ya matokeo hayo mawili haitokani na bahati, bali hutokana na kuelewa au kutoelewa yale yanayotendeka ndani ya diski.

Kompyuta inavyoamka

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazosimamia vifaa vyote vya kompyuta. Ndio unaogawa nafasi katika kumbukumbu, unaopanga zamu za programu mbalimbali, na unaojua kila faili limewekwa wapi. Programu ya kuandikia barua haigusi diski yenyewe. Huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo.

Umeme unapowashwa, mfumo huo haumo katika kumbukumbu ya kazi, kwa sababu kumbukumbu hiyo husahau kila kitu umeme unapokatika. Kinachoanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu kwenye bamba kuu. Programu hiyo hukagua vifaa, kisha huigeukia diski. Katika mpangilio uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, husomwa baiti 512 za mwanzo wa diski: baiti 446 ni za maagizo, 64 ni jedwali linaloonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho. Maagizo hayo machache huita mengine, na hayo huita kiini cha mfumo endeshi. Kompyuta za siku hizi hutumia mpangilio mpya uitwao UEFI, lakini kanuni ni ileile: kidogo huita kikubwa.

Kutokana na maelezo hayo, yafaa ieleweke kwamba kompyuta iliyokataa kuwaka huenda imepoteza baiti chache tu za mwanzo, huku mafaili yote ya mwenyewe yakiwa salama.

Kutambua ugonjwa kabla ya tiba

Katika maabara, mwanafunzi hufundishwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili ajue kilicholeta matokeo. Kanuni hiyo inafaa hapa pia. Iko mifumo ya Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, inayoweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote katika diski ya kompyuta. Vifaa vinabaki vilevile. Kilichobadilika ni mfumo peke yake. Endapo kompyuta inafanya kazi vizuri na mafaili yaliyomo katika diski yanasomeka bila kusita, basi kosa huenda limo katika mfumo wa zamani. Endapo diski inakataa kusomwa, au kompyuta inazimika kwa joto, kuweka mfumo mpya hakutaponya kitu. Tena kuiandika upya diski iliyo mgonjwa kwaweza kuimaliza kabla mafaili hayajaokolewa.

Kufuta na kuharibu

Diski yaweza kulinganishwa na maktaba. Vitabu vimo rafuni, na katalogi huonyesha mahali pa kila kitabu. Diski inapofutwa kwa njia ya haraka, kinachoondolewa ni katalogi. Vitabu hubaki rafuni, ila hakuna ajuaye vilipo. Mfumo mpya unapoingia huhesabu rafu zote kuwa tupu na kuanza kupanga vitabu vyake juu ya vile vya zamani. Hapo ndipo hasara ya kweli inapotokea. Kwa hiyo mtu aliyefuta kwa makosa hana budi kuizima kompyuta mara moja, asiendelee kuitumia.

Ama kuhusu diski za kisasa zisizo na sahani zinazozunguka, hali ni ngumu zaidi. Mfumo endeshi huiarifu diski sehemu zisizotumika tena, nayo huzisafisha yenyewe baada ya muda mfupi. Matumaini ya kuokoa kitu humo ni madogo sana.

Utaratibu ufaao

Kwanza, nakala za mafaili ziwekwe katika vyombo viwili tofauti, na zifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba zinasomeka. Pili, mfumo mpya uchukuliwe kwa mtoaji wake halali, kwa maana nakala zilizovunjwa kufuli zaweza kuja na virusi ndani yake. Tatu, betri ijazwe au umeme wa akiba uwepo. Nne, jedwali la sehemu za diski lisomwe kwa makini kabla ya kukubali kufuta. Mwisho, mfumo mpya upewe marekebisho yote ya usalama.

Jambo hili la usalama lina uzito. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Shule yenye kompyuta kama hizo yaweza kuzipa Linux badala ya kuzitupa.

Jaribio kwa wanafunzi

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Picha chache ziwekwe katika flashi isiyo na kitu cha thamani, kisha flashi ifutwe kwa njia ya haraka. Programu ya bure iitwayo PhotoRec itumike kuzitafuta. Kwa kawaida picha nyingi hurudi, lakini zikiwa zimepoteza majina yake, kwa kuwa majina yalikuwa katika katalogi. Kisha flashi ijazwe mafaili mengine mpaka pomoni, ifutwe tena, na jaribio lirudiwe. Picha za kwanza hazitaonekana. Wahenga walisema akiba haiozi. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili atafahamu kwamba akiba iliyo katika diski moja tu huoza.