Una Wazo la Programu ya Simu? Soma Hii Kabla Hujatoa Akiba Yako

Wateja wetu wengi wana wazo la programu ya simu. Kuna anayetaka watu wa mtaa wake waagize gesi ya kupikia kwa kubonyeza mara mbili. Kuna mwenye saluni anayetaka wateja washike nafasi mapema. Kuna mweka hazina wa chama aliyechoka na daftari. Swali wanalotuuliza hufanana: nikishatengenezewa programu, nitaunganisha malipo vipi?

Swali ni zuri, lakini huja mapema. Kuunganisha malipo ni kazi inayojulikana na kuna watu wengi wanaoiweza. Yanayomaliza akiba ya mtu ni mambo mengine, na mengi huonekana baada ya pesa kutoka mfukoni. Tuyaangalie moja moja, tukitumia mfano wa mtu anayetaka kuuza gesi mtaani kwa kutumia programu.

1. Mteja anaweza kutaka kitu tofauti na ulichomtengenezea

Wengi hawajui M-Pesa ilianza vipi. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio na Faulu, kampuni ya mikopo midogo, wakiwa na mamia tu ya wateja na mawakala wachache wa Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa kumsaidia mkopaji kulipa mkopo wake kwa simu. Lakini waliokuwa na huduma hiyo mkononi wakaitumia watakavyo. Wengine walilipana wao kwa wao kwenye biashara. Wengine waliweka pesa kwenye simu jioni ili wasitembee nazo, wakazitoa asubuhi. Wengine waliwatumia jamaa zao wa mashambani salio la kupiga simu.

Waliosimamia majaribio hayo waliangalia tabia hiyo wakaifuata. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa nchi nzima, mambo ya mkopo yalikuwa yamewekwa kando. Tangazo lilimwambia Mkenya jambo moja tu: tuma pesa nyumbani.

Kwa hivyo kabla hujamlipa mtu wa kutengeneza programu, uza kwanza bila programu. Fungua kundi la WhatsApp la ploti tano au sita, chukua nambari ya till, tafuta boda mmoja unayemwamini, kisha uza gesi kwa mwezi mzima. Utajua watu huagiza saa ngapi, wanataka mtungi wa kilo ngapi, na kama shida yao ni kuagiza au ni bei. Marafiki wakikwambia "wazo ni poa sana", washukuru, lakini hesabu wale waliolipa.

2. Simu ya mteja si kama yako

Mtengenezaji wa programu huwa na simu nzuri na intaneti ya ofisini. Mteja wako huenda ana simu iliyojaa picha, bando linaloisha saa nne usiku, na mtandao unaopotea akiingia jikoni. Programu kubwa ataifuta siku ya kwanza atakapokosa nafasi ya kuweka video ya harusi.

Mwambie mtengenezaji wako mapema: programu iwe ndogo, ifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu, na isipoteze oda iliyojazwa nusu. Ijaribu kwenye simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa mtaani kwako. Na kama wateja wako wengi wana kabambe, fikiria tena. Huenda unahitaji menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli, ambayo haihitaji intaneti hata kidogo.

3. Malipo yana hatua nyingi kuliko unavyoona

Mteja akibonyeza "Lipa", ujumbe hujitokeza kwenye skrini yake ukimtaka aweke PIN. PIN hiyo haipiti kwenye programu yako. Inaenda kwa kampuni ya pesa za simu, na ikishakubaliwa, mfumo wa kampuni hiyo unatuma jibu kwa seva yako kwamba pesa imeingia.

Katikati ya hatua hizo kuna mengi. Mteja anaweza kughairi, kukosea PIN, au kukosa salio. Anaweza kuona kimya, akabonyeza tena. Au pesa inakatwa lakini jibu halifiki kwa sababu seva yako ilikuwa imezima. Hapo ndipo simu huanza kuingia: "Nimelipa na gesi sijaona!" Mteja hasemi uongo, na wewe huoni kitu.

Tangu 2017, Safaricom ilipofungua jukwaa la Daraja kwa watengenezaji, hata biashara ndogo inaweza kupokea majibu haya yenyewe. Lakini lazima programu ijengwe kufuata kanuni chache:

- Oda isihesabiwe imelipwa mpaka jibu la mfumo lifike. Picha ya meseji iliyotumwa WhatsApp si ushahidi, maana meseji feki hutengenezwa kila siku.
- Jibu likichelewa, programu iulize mfumo hali ya muamala kabla ya kumwambia mteja alipe tena.
- Kila oda iwe na nambari yake, ili akibonyeza mara mbili asikatwe mara mbili.
- Kila jioni, linganisha oda zako na taarifa ya till au paybill. Shilingi isiyo na oda ni ya mtu fulani, na mtu huyo anasubiri.

Ukiajiri mtengenezaji, muulize swali hili moja: "Pesa ikikatwa na jibu lisifike, programu itafanya nini?" Akikosa jibu la kueleweka, usitie sahihi.

4. Kuuza gesi ni tofauti na kuweka pesa za watu

Anayeuza gesi anapokea bei ya mali yake. Lakini mwenye programu ya chama anayekusanya michango ya watu kwenye akaunti yake, akaiweka, halafu akaigawa baadaye, ameingia kwenye biashara nyingine. Chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, anayetoa huduma za malipo anahitaji idhini ya Benki Kuu ya Kenya. Ukikopesha kwa simu, kuna kanuni za 2022 zinazohusu wakopeshaji wa kidijitali, nazo pia zinataka leseni ya Benki Kuu.

Njia rahisi kwa programu ya chama ni kuacha pesa iende moja kwa moja kwenye akaunti ya chama chenyewe, na programu ibaki kuwa daftari. Ukitaka zaidi ya hapo, ona wakili kwanza. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na aibu ya kuwaeleza wanachama pesa yao imekwama kwa nini.

Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ukichukua jina, nambari ya simu na mahali mtu anapoishi, unawajibika. Mwambie unachukua nini na kwa nini. Data ikivuja na ikawa inaweza kumdhuru mteja, Kamishna wa Data anafaa kujulishwa ndani ya saa 72. Biashara ndogo nyingine zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini hakuna iliyosamehewa kufuata sheria. Njia bora ya kujikinga ni kutochukua usichohitaji. Programu ya gesi haina haja na majina yaliyo kwenye kitabu cha simu cha mteja.

5. Hesabu ya mtungi mmoja

Tuseme ukiuza mtungi mmoja unabaki na faida ya Ksh 200 baada ya kulipa duka la jumla. Boda anachukua Ksh 100. Ada za malipo na meseji, Ksh 10. Umebaki na Ksh 90. Sasa ukatangaza ofa: mteja mpya apunguziwe Ksh 100. Kila mteja mpya anakula Ksh 10 zako, na kadiri ofa inavyopendwa ndivyo unavyopoteza.

Ofa ikiisha, unarudi kwa Ksh 90. Kama seva, simu na mshahara wa anayejibu wateja ni Ksh 36,000 kwa mwezi, unahitaji mitungi 400 kila mwezi ili usipate hasara. Hiyo ni zaidi ya 13 kwa siku, Jumapili ikiwemo, na hujajilipa mwenyewe. Je, mtaa wako unatumia mitungi 400 kwa mwezi? Na wangapi watanunua kwako?

Hesabu hii haiogopi pesa ya wawekezaji. Kune, kampuni ya Nairobi iliyouza chakula kilichopikwa, ilipata dola milioni 1 mwaka 2021. Juni 2022 ilifunga. Mwanzilishi wake alieleza kwamba gharama ya chakula ilipanda, bei ya takriban dola 3 kwa sahani haikutosha kuiendesha biashara, na awamu nyingine ya pesa haikupatikana. Wateja walikuwepo kwa maelfu. Kilichokosekana ni faida kwenye sahani.

6. Funguo ziko kwa nani?

Watu wawili wakielewana kwa mdomo, mmoja akilipa na mwingine akitengeneza, shida huanza wakikosana. Hakikisha akaunti ya Google Play, jina la tovuti, seva na nambari ya paybill vimesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako. Mtengenezaji apewe ruhusa ya kuingia, lakini umiliki ubaki kwako. Mlipane kwa awamu, kila awamu ikiwa na kazi inayoonekana, na yote yaandikwe.

7. Siku ya kuzindua

Akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa akaunti mpya za mtu binafsi, Google inataka kwanza programu ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa hivyo usichapishe fulana za tarehe ya uzinduzi kabla ya hapo.

Tumia siku hizo 14 vizuri. Tafuta watu 12 wanaofanana na wateja wako: mama mwenye nyumba, mwanafunzi wa hosteli, mwenye kibanda cha chapati. Wape simu, kaa kimya, uangalie wanakwama wapi. Kisha anza na mtaa mmoja. Shida ya watu 30 unaweza kuitatua kwa kupiga simu, lakini ya watu 3,000 itakushinda.

Na kama wewe ni mteja tu?

Haya yanakuhusu pia, kwa sababu kila programu mpya inakuomba uiamini na pesa yako. Kabla hujalipa, angalia mambo matatu. PIN yako uiweke tu kwenye ujumbe au programu rasmi ya kampuni yako ya pesa za simu. Programu ya muuzaji ikikuomba uiandike ndani yake, ifute. Jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo liwe ni la biashara unayoijua. Na ukikatwa pesa bila kupata huduma, tunza nambari ya muamala iliyo kwenye meseji, maana ndiyo itakayotumika kufuatilia. Usilipe mara ya pili kabla hujajibiwa.

Kwa mwenye wazo, wiki hii fanya mawili tu: andika hesabu ya oda moja kwenye karatasi, na umuuzie mtu mmoja usiyemjua. Hesabu ikikubali na mtu huyo akirudi kununua tena, njoo sasa tuzungumze kuhusu kuunganisha malipo.